Purge ya Mabomba

Liège, Ubelgiji, 4 Oktoba 1998

Yaya Adélaïde, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, natumaini huko wote wazima licha ya vita. Agosti sikuweza kuja, kwa hiyo nyumba yangu ya Muhumba, hapo Bukavu, itakaa tupu mpaka Julai. Nyumba ya likizo haiachwi hivi hivi, ingawa huko hamjui kutunza kitu. Kabla ya baridi ya Desemba funga tanki, fungua mabomba yote, ya jikoni, ya bafu, ya choo, uyapige purge, yaani uyatoe maji yote mpaka yakauke. Maji yakiganda, bomba linapasuka. Hapa nafanya hivyo kila mwaka katika nyumba thelathini. Halafu funga mlango, asiingie mtu.

Mudogo wako,
Cyprien

Bukavu, 20 Novemba 1998

Mudogo wangu,

Salamu zako sista mmoja wa misheni amezileta mkononi. Sisi tunapumua. Barua niliwasomea majirani, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baridi ya Desemba, Bukavu? Ulizaliwa hapa, Cyprien. Desemba ni mvua na matope, na tanki lako linajaa. Tena purge tunayoijua sisi ni ile ya maji ya majani anayopigwa mtoto nyuma akiumwa tumbo. Jirani yetu muzee Anaclet aliuliza, ili tuipige hiyo purge, nyumba tuilaze upande gani.

Mabomba ya huku yanapasuliwa na risasi. Na wewe ulituambia u enjenia huko, tangu lini enjenia anamwaga maji ya vyoo katika nyumba thelathini za wazungu?

Yaya wako

Liège, 9 Januari 1999

Yaya,

Habari za siku nyingi? Mimi sijambo, ila mgongo. Haya, baridi nilikosea. Miaka kumi na miwili ya theluji inamchanganya mtu. Na ndiyo, kazi yangu ni mabomba, si uenjenia. Nyumba ile ndiyo kitu pekee ninachoweza kuonyesha. Cheka.

Lakini jirani yako Floribert ameniandikia kwamba watu wa Nyantende wanalala sebuleni kwangu, na mtaa mzima unachota maji kwenye robine ya tanki langu. Watoe. Watu wa kijijini hawajui hata kuvuta maji ya choo. Funga tanki leo hii.

Mudogo wako

Bukavu, 2 Machi 1999

Cyprien,

Mama amenikataza kukuandikia bila salamu, kwa hiyo salamu.

Watu wa Nyantende, kijiji cha Mama, walifika Oktoba, nyumba zao zimechomwa. Mama alikuwa mbele yao, miguu imevimba. Huyo asiyejua kuvuta maji ya choo ni yeye. Sikukuambia kwa makusudi. Nilitaka uulize mwenyewe. Umeuliza bomba la jikoni, la bafu, la choo. Barua mbili, Mama hukumuuliza. Naona aibu kwa ajili yako.

Maji ya mtaa yalikatika Novemba, robine yako tu ndiyo inatoa, kwa mvua iliyojaza tanki. Mama anakaa barazani kwenye kiti chako, anapanga foleni ya mabidoni ya kuchotea maji. Nilimsomea barua zako zote mbili. Akasema niandike hivi: "Umwambie Cyprien, purge nilimupigaka mimi, akiwa mutoto, na alikuwa analia. Asinifundishe. Kama anataka kufunga maji, akuje afunge ye mwenyewe, mbele yangu."

Ukija Julai, uje na bidoni yako. Anayefika mwisho anasimama nyuma, na Mama hapendelei mtu.

Yaya wako