Kisanduku cha Simu

Kibiti, Jumanne

Mwalimu wa kompyuta kanifutia kazi yangu mbele ya darasa zima.

Zoezi letu wauguzi lilikuwa kuhamisha wagonjwa wetu wa kifua kikuu kutoka daftari la zahanati kwenda kwenye kompyuta. Kwa Mzee Saidi, penye kisanduku cha kijiji, niliandika kijiji chake na dungu lake la shambani. Mwalimu akacheka. "Dada, kompyuta haitaki hadithi. Mtu mmoja, kijiji kimoja."

"Mwalimu, msimu huu kijijini hakuna mtu. Wako bondeni, wanalala madunguni kulinda mpunga usiliwe na nguruwe."

"Kozi hii ni ya kompyuta, si ya mpunga."

Kwao Dar, atajuaje? Mwaka jana nesi mgeni alimpelekea mama mmoja vidonge kijijini, akakuta mlango umefungwa, akaandika "mgonjwa hayupo". Yule mama tulimzika kabla ya mavuno.

Wenzangu walipotoka kunywa chai, nilirudi peke yangu kwenye mashine. Nikaona kisanduku cha simu, kitupu kuanzia mgonjwa wa kwanza hadi wa mwisho. Nani kwetu ana simu? Nikajaribu kuandika maneno. Kikakubali! Nikawajaza wote, roho mkononi.

Kesho orodha inachapwa mbele ya mganga mkuu. Wakinifukuza kozi, potelea mbali.

Mzee Saidi. Simu: dungu la tatu kutoka mtoni, mpaka mpunga uvunwe.