Visanduku kwenye Simu ya Aden

Jumatatu, 6 Oktoba

Maziwa ya ngamia yameisha mapema leo. Mume wangu Aden amerudi kutoka Habaswein na lori la mbuzi. Kala, kalala. Simu yake ikalia. Ile kabambe ya vitufe. Namba haina jina. Ujumbe mzima visanduku vitupu, mstari baada ya mstari. Nimemuuliza. "Mtandao tu huo." Mtandao gani unamwandikia mtu mmoja?

Jumatano, 8 Oktoba

Vimekuja vingine. Na Aden havifuti. Wanasema Habaswein kuna mjane mwenye hoteli, anapikia madereva. Wivu umenikaba mpaka chai nimeitia chumvi. Nimeipigia namba ile. Ikapokelewa. Pumzi tu, kisha ikakatwa. Mtandao haupumui.

Ijumaa, 10 Oktoba

Aden kaenda msikitini, simu kaiacha kwenye chaji. Nimeutuma ujumbe kwangu. Kwenye simu yangu vikafunguka: herufi za Kiarabu. Kumbe kisimu chake hakizijui, kila herufi kinaiwekea kisanduku.

Nikasoma. Si Kiarabu. Ni Kisomali chetu kwa herufi za duksi, chuo cha Kurani. Anayeandika hivyo ni mmoja tu, mama mkwe. Shule hakuiona, masikio yamekufa zamani. Nasikia mjukuu kamnunulia simu mpya, na laini mpya. Nimecheka peke yangu.

Halafu nikafika chini. "Yule msichana nimemwona, ni mzuri. Nimekuuliza, umenyamaza. Kunyamaza ni kukubali. Wiki ijayo napeleka wazee kwao kukuposea."

Afadhali angekuwa mjane.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ningeweza kufuta. Ningeweza kumsomea mengine kabisa. Aden duksi aliikimbia, hajui alifu kwa kijiti. Nimemsomea kama yalivyo.

Akanyamaza. Nikamwambia, "Usininyamazie. Kwenu kunyamaza ni kukubali."

Akanisogezea simu. Kisha: "Mwandikie mama. Hooyo, sikuweza kuzisoma herufi zako. Msichana simtaki. Sahra ananitosha."

Jina langu kalitaja mwenyewe, wallahi sikumsukuma. Nimetia laini yake kwenye simu yangu, nimeandika, nimekagua mara mbili, nimetuma. Nimemrudishia laini yake.

Bado nina wivu. Namwonea wivu msichana ambaye hata jina lake silijui. Mzuri kiasi gani?

Jumanne, 14 Oktoba

Aden kaingia, viatu hajavua, kanipa simu. Visanduku. "Nisomee."

Nimeutuma kwangu, nimemsomea: "Wazee nimewazuia. Aliyekuandikia hakukosea herufi hata moja. Mshike huyo."

Ananitazama kwa pembeni. Anasema hilo la mwisho nimeliongeza mimi.

Sikuliongeza.