Nyota ya Hadija Imesogea

Katesh. Jumatatu, siku ya ishirini na tatu ya mfungo.

Upepo wa mlimani umeanza kabla ya daku na mpaka sasa haujanyamaza. Vumbi limeingia hemani, limeingia kwenye wino, limeingia kooni, na mimi nimefunga, hata tone la kulishushia sina. Nimekalia boksi la darubini naandika haya kabla ya kufuturu, kwa sababu nikila nitalala, na nikilala nitajidanganya kwamba leo halikutokea jambo.

Barua ya Hadija imefika asubuhi.

Imeletwa na mchuuzi wa ngozi aliyetoka Dongobesh. Alinisalimu, akanipa pole ya kazi, akanikabidhi bahasha akaondoka upesi. Nikajua hapohapo. Mwenye habari njema hukaa akasubiri uisome mbele yake.

Hadija haandiki maneno mengi. "Baba Mwajuma, sisi wazima. Mtoto anatembea. Juzi alitoka peke yake mpaka barabarani, nikamkimbilia, cherehani nikaiacha inazunguka. Kaka amefungua duka Singida, anataka mtu wa kushona. Tunaondoka Idd pili. Ukija kabla, tutazungumza. Usipokuja, usiseme nimekukimbia. Nimekungoja mpaka nimechoka, na kuchoka si dhambi."

Nimeisoma mara nne. Mara ya tano Petro, karani mwenzangu, akaninyang'anya, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati langu kama mtu anayemvisha mgonjwa.

Mwaka mmoja na miezi miwili sijamwona mke wangu. Mwajuma sijamwona kabisa. Alizaliwa nilipokuwa Manyoni, tukatoka Manyoni tukaenda Singida, na ruhusa niliomba mara mbili nikanyimwa mara mbili. Miezi miwili iliyopita kambi yetu ya upimaji ikahamia hapa Katesh, na tangu hapo nimekuwa kichaa. Dongobesh, nyumbani kwetu, iko pale kaskazini. Nimeipigia hesabu mwenyewe: maili thelathini na moja kwa ndege arukaye. Kila jioni natazama upande ule. Wapagazi wanadhani natafuta kibla, maana nacho kiko huko.

Safari hii ruhusa nimepewa. Lori la kambi linaondoka kesho alfajiri kwenda Mbulu kuchukua posho, na litapita Dongobesh. Lori jingine ni baada ya wiki mbili, Idd imepita, na Hadija amepita.

Sanduku langu nililifunga tangu Ijumaa. Kuna kanga mbili ndani yake, na viatu vya mtoto ambavyo sasa najua ni vidogo.

Mimi ni karani wa hesabu wa wapimaji. Wenyeji wa hapa hawaniamini nikiwaeleza kazi yangu, na siwalaumu. Mzungu wetu, tunayemwita Bwana Timazi kwa sababu kila kitu kwake lazima kinyooke kama uzi wa timazi, hupanda kilimani jioni na darubini, akapima urefu wa nyota zinapopita juu yetu. Mimi huandika namba anazozitaja. Kesho yake, mimi na Petro hukaa mezani kuzigeuza namba zile ziwe mahali: jiwe hili liko hapa duniani, si kule. Bila nyota huwezi kuchora ramani, maana ardhi haikuambii iko wapi.

Sasa, ili nyota ikuambie ulipo, lazima kwanza ujue yenyewe ilipo. Ndiyo maana kuna kitabu. Kila nyota imeandikwa mahali pake, na pembeni yake namba ndogo, mwendo wake wa mwaka. Watu husema nyota hukaa, kumbe hazikai. Kila mwaka mahali pake panabadilika kidogo sana, jicho halioni, na karani lazima achukue mahali pa zamani, aongeze mwendo, ndipo aanze hesabu. Mwaka jana nilitengeneza orodha yangu mwenyewe, nyota arobaini, mwandiko safi wa kuringia. Mwaka huu niliianza upya kutoka kitabuni na kuziongezea mwendo, moja moja.

Zote isipokuwa moja.

Ni nyota ndogo, haina sifa. Nilimwonyesha Hadija jioni ya mwisho, tumemaliza kula, amesimama mlangoni na kikoi changu mkononi anakikunja. Nikamwambia, ile pale juu ya paa la duka la baba nitaipima kila kituo cha kazi, kwa hiyo kila nikifanya kazi nitakuwa nakutazama wewe. Akacheka, akasema, "Mwanaume mzima!" Lakini aliitazama. Tangu siku hiyo kwenye daftari ina namba, kichwani mwangu ina jina. Mahali pake nimepahifadhi kama Fatiha. Sijawahi kufungua kitabu kuitafuta. Ya nini, na ninaijua?

Leo mchana tulikuwa tunamaliza. Karatasi za mwisho, vituo tisa, kutoka Basotu mpaka kileleni Hanang. Utaratibu wetu ni huu: Petro anasoma kutoka kitabuni na kuongeza mwendo, mimi nafuatisha kwenye orodha yangu na kuitika "sawa." Petro ni Mwiraqw wa Mbulu, mtoto wa katekista, ana sauti ya kusomea watu kanisani. Akisoma, naitika. Sawa. Sawa. Akafika kwenye nyota ya Hadija. Nikaitika sawa kabla hajamaliza, wala sikutazama karatasi.

Petro akasema, "Si sawa."

"Soma tena."

Akasoma tena. Nikatazama. Niliyoiandika ni namba ya mwaka jana. Niliiandika kwa kichwa, kwa mapenzi, wala sikuiongezea mwendo hata chembe, na nimeitumia hivyo katika vituo vyote tisa.

Tofauti ni sekunde kumi na nane za pembe. Kwenye anga ni unywele, kwenye ardhi ni hatua mia sita. Kila kituo tulipima nyota kumi na mbili na kutafuta wastani, kwa hiyo ukizigawanya zinabaki hatua hamsini. Bwana Timazi huona wastani tu. Kurudia hesabu zote, kuzihakiki, na kuandika upya karatasi safi ni kazi ya siku tatu.

Na lori ni kesho.

Petro akafunga kitabu polepole. "Kaka," akasema, "mimi sijaona kitu. Panda lori uende kwa mke wako. Hatua hamsini katika pori hili, nani atazihesabu?"

Namshukuru Petro. Alisema kwa kunionea huruma, na Mungu asimwandikie dhambi. Lakini nani atazihesabu, jibu ninalo, na ndilo limeninyima amani wiki tatu hizi.

Ni mzee Gidahuda, Mbarbaig, mwenye ng'ombe wengi na maneno makali. Mzungu mmoja amepewa ardhi ya kulima ngano upande wa Basotu, na mpaka wa shamba lake utafuata namba zetu. Karibu na mpaka ule kuna kaburi la baba yake Gidahuda, lile tuta refu la udongo ambalo watu wake humjengea mtu mkubwa kwa miezi mingi na sherehe nyingi. Mzee huyu hunitania kila akipita kambini. "Nyinyi hamna ng'ombe," huniambia, "ndiyo maana mnahesabu nyota." Siku moja hakutania. Aliuliza kaburi litakuwa upande gani. Nikamwambia nitamjibu hesabu ikitoka. Ikatoka, na kaburi likaangukia ndani ya shamba, hatua ishirini. Tangu hapo nikimwona anakuja najificha stoo nyuma ya magunia ya unga. Mtu mzima, karani wa serikali, nyuma ya magunia.

Leo nilichukua karatasi ya kituo kile kabla ya nyingine zote. Nikaiweka nyota ya Hadija mahali pake pa mwaka huu, nikazungusha mashine ya hesabu, nikagawanya. Kaburi likatoka nje ya shamba, hatua thelathini.

Nilikaa pale nikitazama ile karatasi. Nakiri hapa, kwa kuwa hapa hakuna anisikiaye: nilitamani isitoke hivyo. Nilitamani kaburi libaki ndani kwa namba zote mbili, ili kosa langu lisiwe na mwenyewe, nifunge daftari, nipande lori. Ramani ile haitakuwa na jina langu wala la Petro. Nimpoteze Hadija kwa karatasi isiyonijua? Niliwaza hivyo, na sikuwaza kwa dakika moja tu. Niliwaza mpaka jua likahama kutoka mguu mmoja wa meza kwenda mwingine.

Kisha nikaliona akilini trekta juu ya lile tuta, na mimi niko Dongobesh nakula pilau ya Idd.

Nikaenda kwa Bwana Timazi. Alikuwa anakunywa chai, na harufu yake peke yake ilitosha kunitesa. Nikamweleza. Akauliza vituo vingapi, nikasema tisa. Akatukana kwa Kiingereza, akiitazama meza.

"Siku tatu," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Lori haiwezi ngoja."

"Najua, bwana. Nikimaliza nitakwenda kwa miguu."

Akavuta ramani, akaweka rula kutoka Katesh mpaka Dongobesh. "Maili thelathini na moja."

"Kwa ndege, bwana," nikamwambia. "Mimi nina miguu."

Akacheka. Tangu Singida sijamwona akicheka. Akasema ruhusa yangu itaanza siku nitakayomkabidhi karatasi safi, na akaniambia pia kwamba kosa la namna hii likirudi nisije tena mezani kwake. Yote mawili nimeyapokea.

Nilipotoka, Gidahuda huyo anakuja na fimbo yake. Safari hii sikukimbilia magunia. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, nikamwambia kaburi liko nje, na nikamwambia kwamba wiki tatu nilikuwa namkwepa kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Akasema alijua niko nyuma ya magunia. Miguu yangu ilikuwa inaonekana.

Kisha akauliza nitapita njia gani kwenda kaskazini. Nikamwonyesha kwa kidole. Akatikisa kichwa akasema anayehesabu nyota hupotea mchana kweupe, na kwamba Ijumaa atanipeleka mwenyewe mpaka kwa shemeji yake, nikalale huko, nipewe mtu wa kunivusha upande wa pili. Nikampa mkono, nikamshukuru.

Sasa imebaki barua. Lori litaipeleka kesho, dereva ameniahidi ataiweka mkononi mwa Hadija, si mkononi mwa mama yangu, ambaye angeifungua.

Ya kwanza niliandika, "Mke wangu, mimi nakujua, najua hutakwenda Singida." Nikaisoma. Nikaona aibu, nikaichana. Namjua nani? Namjua aliyesimama mlangoni anakunja kikoi. Yule hakuwa na cherehani, wala hakuwa na mtoto wa kumkimbilia barabarani. Mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikimpenda Hadija wa mwaka jana, nimemhifadhi kichwani, sikumwongezea hata siku moja. Yeye amezaa, amelea, amejifunza kushona, amechoka, na mimi huku naitika sawa, sawa.

Ninamtamani mpaka mbavu zinaniuma. Nataka kusikia akinicheka, nataka kujua mikono yake sasa ina sugu wapi. Namtamani na huyo mdogo pia, ambaye atanikimbia akiniona, na atakuwa na haki.

Ya pili nimeandika hivi: "Mama Mwajuma, nimekosea kazi kwa sababu yako, nitakueleza utacheka. Nakuja kwa miguu. Nitaondoka hapa Ijumaa, Mungu akipenda nitafika Jumamosi jioni, kabla ya Idd. Kama utakuwa umeamua Singida, niambie uso kwa uso nikusikie. Viatu vya mtoto nilivyonunua ni vidogo. Nipimie mguu wake kwa uzi."

Nimeibandika. Kisha nimefungua orodha yangu ya nyota, ule mwandiko safi wa kuringia, nikaipiga mstari namba yake ya zamani. Nikafungua kitabu. Nikatafuta ukurasa kama mtu mgeni, nikasoma mahali pake, nikasoma mwendo wake, nikaongeza. Namba mpya naiona ngeni, haijanizoea.

Petro ananiita, jua limetua, kuna uji na viazi. Siku tatu za hesabu na siku mbili za miguu, na mwisho wake mlango ambao sijui kama atafungua akicheka au akiwa amefunga mizigo.

Akifungua, sitasema "sawa" kabla ya kutazama.