Saa ya Zakaria Chini ya Blanketi

Frere Town, Jumamosi, Mei 1949

Mvua imeanza kabla ya uji, na mpaka sasa jioni haijapumzika. Ua wote ni matope, kuku wamejibanza jikoni, na mimi nimekaa kitandani na kalamu inayovuja wino. Moyo wangu leo sijui niuite nini. Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitalia tena, na karatasi hii tayari ina unyevu wa kutosha.

Zakaria anahamia Voi keshokutwa. Mume wangu ni mpiga simu wa reli hapo Changamwe, yule anayegonga kidude cha shaba habari zikakimbia kwenye waya, na aliniambia kuwa wakubwa wake wameona Voi inamhitaji zaidi. Mimi nibaki hapa na mama mkwe mpaka apate nyumba.

"Nikipata nyumba ntakuandikia," alisema, akifunga kamba za kiatu. Hakuinua uso.

Namjua. Zakaria angekuwa na nia ya nyumba, angekuwa ameshanichorea hata dirisha la jikoni linatazama wapi.

Naogopa hataandika. Basi, nimeshalisema.

Asubuhi, yeye akiwa zamu yake ya mwisho, nilikuwa nikimpangia nguo sandukuni. Ndani ya soksi ya sufi, ambayo sijui Voi ataivalia nini, nikaikuta ile saa. Nikaketi sakafuni nayo, nguo zikabaki zimetapakaa.

Saa yenyewe haijawahi kutwambia wakati. Ilikuja nyumbani imekufa. Ilikuwa miaka ile ya vita, Kilindini imejaa manowari, na Zakaria alikuwa tarishi katika ofisi ya simu ya upepo, ile isiyo na waya, ya jeshi la majini. Humo ofisini mlikuwa na Mzungu kijana, aliyekatizwa masomo yake ya fizikia akaletwa kusikiliza mawimbi usiku na mchana. Alichoka kunyamaza. Zakaria alimpelekea chai, akauliza swali moja, na kutoka siku hiyo chai ilikuwa ikipoa. Kijana yule alipohamishwa alimwachia saa iliyokatika springi na kioo kidogo cha kukuza vitu. Nambari za saa hiyo zilikuwa zimepakwa rangi yenye radiamu, ile inayong'aa gizani.

Juma letu la kwanza la ndoa, mchana wa jua kali, Zakaria akafunga madirisha, akatandua blanketi akanijia nalo. "Njoo nikuonyeshe kitu," akasema. Nilidhani najua anachotaka. Nikajikuta nimeketi naye chini ya blanketi lile zito, tunatoka jasho, ameshika saa, ananiambia nisubiri macho yazoee giza. Nilijuta kuolewa, kwa kitambo kidogo.

Kisha akaniwekea kioo jichoni. Nilitarajia kuona doa la kijani tu. Lakini nambari ile ilikuwa hai: vicheche vidogo, kimoja hapa, kingine kule, viwili pamoja, kimya, kimoja tena. Kama matone ya kwanza ya mvua yakipiga vumbi.

"Kila cheche ni chembe moja inavunjika," akaninong'oneza. "Moja, Rahel. Waiona moja."

"Na itakayofuata ni ipi?"

"Hakuna ajuaye."

"Hata Mzungu wako?"

"Hata yeye. Zikiwa nyingi pamoja wajua zitavunjika kadiri gani. Moja peke yake, hapana. Na si kwamba hawajasoma vya kutosha. Hakuna mahali ilipoandikwa."

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo. Nimezoea hesabu ambazo majibu yake yapo mwisho wa kitabu. Tulibishana humo humo mpaka blanketi likaloa, na hatukusikia mlango. Mama mkwe alikuwa amemleta mzee wa kanisa kuja kumwamkia bibi arusi.

"Rahel!"

"Abee, mama."

"Mwafanya nini humo mchana kutwa?"

"Twatazama chembe, mama," akajibu Zakaria, kwa heshima zote.

Mzee wa kanisa alikumbuka ana safari. Na mimi tangu siku hiyo sikupata raha kisimani. Mawifi walikuwa wakiniuliza kama nimeamka salama, na kama jana tumetazama chembe. Niliinamia ndoo yangu nikacheka humo ndani. Nilikuwa na furaha, na nilijua kuwa nina furaha.

Lile bomu lililoangushwa Japani lilipotangazwa, mama mkwe alisikia neno atomi akataka saa itupwe baharini siku ile ile. Zakaria alimwambia imeshatupwa. Ndiyo maana inaishi ndani ya soksi.

Kuna jioni moja naikumbuka kuliko zote. Tulikuwa tukielekea daraja la Nyali, yeye anakokota baiskeli, ananieleza juu ya elektroni, kijipande kile ambacho chenyewe ni kidogo kuliko hiyo chembe. Akasema elektroni ukiiuliza wewe uko juu ama chini, itakujibu juu au chini. Haikwambii niko katikati. Haikwambii ngoja nifikiri. Na kabla hujaiuliza, haikuwa na jibu lolote tumboni mwake.

"Basi hiyo ni mtu wa hapa kwetu," nikamwambia. "Si ukimwuliza hujambo atakwambia sijambo, hata kama anakata roho?"

Zakaria alisimama. Alicheka mpaka akaiegemea baiskeli. Akasema laiti angejua yule Mzungu yuko bahari gani, angempelekea neno hilo kwa simu. Sijui wanawake wengine huwapendea nini waume zao. Mimi nilimpenda mume wangu kwa kuona mzaha wangu unastahili kupigiwa simu.

"Kumbe si elektroni iliyo na siri," akasema tulipoanza tena kwenda. "Swali ndilo dogo. Ukitaka jibu jingine, geuza swali. Iulize kushoto ama kulia, nalo itakujibu. Lakini lile jibu la mwanzo utakuwa umelipoteza, huliwekei tena akiba."

Kisha akazaliwa Tabitha.

Kwetu mtoto akija, wazazi hubadilishwa jina bila kuulizwa. Nikawa Mama Tabitha sokoni, kanisani, shuleni. Yeye akawa Baba Tabitha mpaka huko stesheni, na nilimwona mwenyewe anavyoitika "Naam" kabla mtu hajamaliza kuita. Alimbeba mtoto kifuani akimgongea mgongoni kwa kidole, taratibu, zile alama za simu. Alidai anamwambia mambo ya maana. Tabitha alikuwa akilala.

Hakufikisha mwaka. Novemba iliyopita homa ilimpanda tangu alfajiri, tukampakia baiskeli, mimi nyuma nimemfunga kifuani kwa leso, tukimbilie hospitali kisiwani. Tulipofika darajani alikuwa ameshatutoka. Nililijua hilo kabla ya Zakaria, na nikamwacha aendelee kukanyaga mpaka ng'ambo.

Watu walitufanyia wema mwingi. Walipika, walikesha, waliimba. Na kwa wema huo huo wakaacha kutuita kwa jina la mtoto. Hakuna aliyeagiza. Nilikwenda sokoni mmoja akaniita Mwalimu. Mwingine akasema Bwana Zakaria hajambo? Mama mkwe naye akarudi kwa Rahel. Hakuna mtu anayependa kugusa kidonda cha mwenzake. Lakini nilirudi nyumbani siku ile nikahisi nimenyang'anywa mara ya pili. Na mimi pia nilimfanyia Zakaria hivyo hivyo. Tangu wakati ule namwita "wewe".

Siku moja baada ya matanga nilimshika shati. Nikamwuliza kwa nini yeye, kwa nini si mwingine, na homa ile ilikuwa imeshika nusu ya watoto wa hapa wakapona.

"Mengine hayana sababu, Rahel."

Basi. Nikaisikia saa ile ndani ya maneno hayo. Nilidhani mwanangu amewekwa pamoja na vicheche vya radiamu, na nilimchukia mume wangu kwa moyo wote. Tangu hapo jioni zetu ni hizi: habari za kazi, njema, za hapa, njema. Tumeishi kwa njema miezi hii yote. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Sasa leo. Nilifunga madirisha, nikajifunika blanketi peke yangu na saa na kioo. Nilitaka tu kurudi kidogo kule tulikokuwa. Nilisubiri macho yazoee. Vicheche vilikuwepo, lakini vimefifia, vichache mno. Nikaanza kulia kama mjinga, kwamba hata hivi vinaisha.

Mlango ukafunguka. Viatu vyake vilikuwa vikitoa maji.

"Habari?" akaniuliza. Aliliuliza blanketi.

"Njema," nikajibu, kwa mazoea. Na kwa kuwa jibu lile lilikuwa la aibu, nimejikunja gizani mchana na pua inanitoka, nikasema, "Ingia."

Nikasikia anavua koti. Akaingia na ubaridi wake wote wa mvua.

"Zimepungua," nikamwambia. "Radiamu yaisha."

Akachukua kioo. Alitazama kwa muda mrefu.

"Radiamu haiishi," akasema. "Sisi tutakwisha na wajukuu zetu watakwisha, nayo ipo. Iliyochoka ni rangi. Chembe zavunjika vile vile, zaipiga rangi, rangi haina tena nguvu ya kuwaka."

Sikuwa nimesikia maneno mengi kiasi hicho kutoka kwake tangu Novemba. Nikajua yataishia hapo. Atatoka, ataomba chai, na keshokutwa atapanda gari la moshi. Ulimi wangu ulikuwa umeshika swali: utaniandikia kweli? Na nilijua jibu lake, ntaandika, kwa sababu swali lile halina jibu jingine ambalo mume anaweza kumpa mkewe.

Nikaliacha.

"Baba Tabitha," nikaita.

Mvua juu ya mabati. Pumzi yake. Nilidhani nimeharibu kila kitu.

"Naam," akasema.

Haikuwa sauti yake ya siku hizi. Kisha akaanza kusema, na mimi nilimshika mkono nisije nikamkatiza.

"Nilisimama kutia upepo gurudumu. Pale kabla ya kuteremkia daraja. Wakumbuka?"

Sikukumbuka. Sikumbuki gurudumu hata kidogo.

"Nilikwambia hakuna sababu. Mimi mwenyewe naitafuta kila siku ya Mungu. Napita pale asubuhi nikienda kazini, napita jioni nikirudi, na kila mara nasimama. Najisemea lau nisingetia upepo. Siwezi tena kuipita njia ile, Mama Tabitha. Voi hawakunipeleka. Niliomba mwenyewe."

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa ndani ya njema. Mwaka mzima ningeuliza habari za kazi nisingelipata.

Nikamwambia lau asingetia upepo gurudumu lingepasuka, tungekwenda kwa miguu. Nikamwambia Tabitha alitutoka kwenye mteremko, ameegemea mgongo wake, akiwa na joto letu sote wawili, na kwamba nilijua nikanyamaza ili asisimame. Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Akalia. Nimekaa na mwanamume huyu miaka hii yote na sikujua kwamba hulia bila sauti, mabega tu. Nami nikalia kwa sauti ya kutosha sote wawili. Saa ilituangukia mapajani, na hakuna aliyeitazama.

Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Mwafanya nini humo mchana kutwa?"

Zakaria akapangusa uso kwa blanketi.

"Twatazama chembe, mama."

Nilidhani mama mkwe atauliza juu ya saa aliyoambiwa ipo chini ya bahari. Lakini alivuta mlango, akaufunga taratibu, na baadaye nikamsikia jikoni akifukuza kuku na kubandika maji ya chai.

Sasa yeye amelala, na koti lake linachuruzika kwenye msumari. Shule itabidi niiandikie. Sanduku halitatosha, magauni yangu mawili nimeyakunja juu ya mashati yake na kifuniko kimekataa kushuka. Soksi ya sufi nimeiacha na mzigo wake ndani. Nyumba ya Voi tutaitafuta tukiwa Voi.

Kesho ni Jumapili. Baada ya ibada watu watasimama uwanjani kupeana mikono na kumuaga Bwana Zakaria. Nitasimama mbali naye kidogo, kwa makusudi, nimwite Baba Tabitha, kwa sauti ambayo wote wataisikia. Watashtuka, najua, na wengine watatazama chini.

Nataka wamsikie akiitika.