Salfeti Juu ya Ekzosi

Mjukuu wangu Rehema,

Nimemficha kila mtu, hata marehemu bibi yako, chanzo cha moto ulioteketeza lori la mpunga wa kijiji cha Mchombe. Huku Ifakara mama yako amemaliza kuvuna. Mimi sasa natembea kwa kushikwa mkono, ndiyo maana naandika leo.

Umeniuliza nyaya za gari zinazopita karibu na ekzosi, bomba la moshi, uzifanyeje. Kwanza zisogeze mbali, uzibane kwa klipu za chuma, kisha uzivishe kitambaa kinachohimili joto. Usifungie kitu kinachoyeyuka.

Siku ile mimi ndiye niliyekuwa dereva. Klipu ilikatika tukipakia, nikachana salfeti, mfuko wa plastiki wa mbolea, na kuzifunga nyaya palepale juu ya ekzosi. Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyeomba lifti, alichungulia.

"Dereva, hiyo salfeti si itayeyuka?"

"Wewe jua ng'ombe wako, ndugu yangu. Gari niachie mimi."

Njiani salfeti iliyeyuka, nyaya zikashika moto. Tuliruka salama, lakini mavuno ya kijiji kizima yaliungua. Watu walipofika walimwona Masanja na kiko cha tumbaku mkononi, wakamzonga kuwa ndiye aliyeuwasha moto. Alijitetea kwamba nyaya zilifungwa kwa salfeti.

Wakanigeukia. "Eti mwalimu, ni kweli?" Waliniita hivyo kwa sababu nilikuwa nimesoma.

Nikasema, "Salfeti gani?"

Wiki ile Masanja alilihama bonde letu na ng'ombe wake. Rehema, alikuwa amesema kweli.

Babu yako