Arvid, Mayai Yako Tumeyaweka Nje ya Mlango

Mwaka umekatika sasa, Arvid, tangu Ijumaa ile tulipokukuta umeegemea dirisha la jikoni, mkono ungali juu ya glasi ya siki yenye yai ndani. Tulidhani unatazama mapovu.

Ulifundisha darasa la pili kwenye mji wetu huu wa migodi mpaka nywele zikakuisha kichwani. Kila majira ya baridi ulipaka dawa ya meno upande mmoja wa yai, ukalitumbukiza kwenye siki, na kesho yake watoto wakapanga foleni kulibonyeza. "Mwalimu, huku limekuwa laini!" Nawe ukawajibu, "Huko hakukupigwa mswaki." Wako watu wazima hapa ambao mpaka leo wanasema meno waliyo nayo ni kazi yako.

Na nyumbani je? Ukitoka sauna, chumba chetu cha mvuke, unabana donge la sukari kwa meno, unakunywa kahawa kupitia humo kama walivyokunywa baba zako. "Mwalimu wa meno huyo, jamani," nilikutania. "Nyamaza mke wangu, utanifukuzisha kazi." Nikikumbuka hayo nacheka, halafu nalia.

Donge hilo bado nalikuta. Kila Jumamosi baada ya sauna liko kwenye kisahani chako, limelowa, lina alama za meno. Nilimwambia binti yetu Kaarina kuwa ni panya. Nilijua si panya.

Siku moja kabla hujatutoka, ulilitikisa jino la mjukuu wako Inkeri, ukasema, "Asiliguse mtu. Nitaling'oa mwenyewe Jumamosi." Mtoto akalishika neno lako. Mwaka mzima hakumfungulia mtu mdomo. Jino jipya likaota nyuma ya lile la zamani, ufizi ukavimba, akawa wa supu tu. Tukimbembeleza, anatwambia babu kasema, basi.

Jumamosi iliyopita alishuka asubuhi akiwa na pengo safi, bila tone la damu. Jino lenyewe hatujaliona.

"Nani kaling'oa?" mama yake Kaarina akamuuliza.

"Babu. Mikono yake ya baridi, inanuka siki."

Akala chapati za maji mpaka tukamzuia. Tulikushukuru kwa machozi, mume wangu, sikufichi. Kisha akasema, mdomo umejaa, "Huko kwa babu kuna watoto wengi, na mayai hawana. Jumamosi anakuja kunichukua nikamsaidie kuwafundisha. Nimeshamwahidi."

Jumamosi yenyewe ndiyo leo. Koti lake kalitundika mwenyewe karibu na mlango, na viatu vya theluji kavipanga vinatazama nje. Kaarina analala naye kitanda kimoja, kamkumbatia, hamwachii.

Tunaogopa, Arvid. Kwa hiyo tunakuomba mbele ya wote wanaosoma tangazo hili gazetini: trei ya mayai iko nje ya mlango, na siki, na dawa ya meno. Beba yote. Wafundishe watoto hao, tunajua utawafundisha vizuri. Ila usibishe hodi.

Unakumbukwa na mkeo Aili, binti yako Kaarina na mumewe Reino, ndugu yako Urho, na mjukuu wako Inkeri, ambaye haji.

Hatutakusahau kamwe, sisi sote, tukiwa hapa hapa nyumbani.