Doa la Sajini

Jumatatu, 3 Novemba 1975
Mke wangu Shareefa amejifungua. Mtoto wa kike! Ila damu haikukoma. Mkunga wa kisiwa chetu cha Feydhoo alihangaika wee, mwisho akasema tumvushe kwa tuta la baharini mpaka hospitali ya kambi ya jeshi la Waingereza, hapa kisiwa cha Gan. Vipaza sauti vya kambi vikalia: anayeweza kutoa damu aje. Yangu haikufaa. Nimekaa nje, karibu na ilipokuwa nyumba ya mama yangu kabla Waingereza hawajaivunja wajenge njia ya ndege. Ya Rabi, usiniachie mtoto peke yangu.

Jumanne, 4 Novemba
Yu hai! Amekunywa mchuzi wa samaki, kisha akanilaumu kwamba chumvi imezidi. Alhamdulillahi — akigomba, amepona. Nilimtuma mkalimani amuulize daktari damu ni ya nani. Ya watu watatu, eti majina hayatajwi. Haya. Lakini mimi ndiye dobi wao.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimeyapata! Mashati matatu ya mikono mirefu, kila moja na doa la damu ndani ya kiwiko. La kwanza la mpishi. La pili la kijana wa redio. La tatu nikageuza kola nisome jina — Kalta! Sajini Kalta, anayenirushia nguo usoni kila wiki! Nilikaa juu ya kikapu nikacheka mpaka machozi. Kisha yakawa machozi kweli.

Dhon Manik, mwenzangu wa pasi: "Kaka umekwisha. Sasa mkeo atakufokea Kiingereza."

Jumamosi, 8 Novemba
Mawili nimeyafua. La Kalta nimeshindwa. Nikishika sabuni, mkono unagoma. Na kesho anaondoka moja kwa moja, anarudi kwao. Nimemwambia Shareefa, yuko nyumbani sasa, maneno tele kinywani. "Si umshukuru tu? Mdomo umeupiga pasi?"

Jumapili, 9 Novemba
Kalta amekuja. Ndege inanguruma nje. Nikampa shati kwa mikono miwili. Akaona doa, akawaka moto! Wiki nzima na uchafu bado upo? Nikalinyakua, nikakimbilia huku nyuma ya mashuka. Dhon Manik, anayejua Kiingereza, hayupo, na Kiingereza changu chote ni cha nguo: wanga, vifungo, kesho tayari. Naandika nipate pa kuanzia. Nitaweka kidole kwenye doa. Nitasema, Shareefa. Kisha nitafanya mikono kama ninayepakata mtoto. Ataelewa? Mungu ambariki, jitu hili lenye kelele, ambariki na watoto wake.

Anagonga kaunta. Naja, Sajini. Naja —